Kwa nini George IV hakuwashtaki wachora vibonzo

Mtu anaweza kuuliza kwa nini George IV, mfalme wa Uingereza, hakuwapeleka mahakamani wachora vibonzo waliomdhihaki. Jibu fupi: serikali ilishajaribu njia hiyo ikaumbuka. Desemba 1817 William Hone, muuza vitabu wa London, alishtakiwa mara tatu ndani ya siku tatu kwa maandishi ya dhihaka. Alijitetea mwenyewe, akasoma dhihaka za watu wengine mbele ya wazee wa baraza, ukumbi ukacheka, na mara zote tatu akaachiwa.

Kwa hiyo 1820, George alipotaka kumtaliki mkewe Caroline, alijaribu fedha. Mchora vibonzo George Cruikshank alilipwa pauni 100 kwa ahadi ya kutomchora mfalme katika hali yoyote ya aibu ya kimaadili. Haikusaidia. Mwaka huohuo Cruikshank alimchorea Hone kijitabu kizima kilichosimulia ndoa ile hatua kwa hatua, kwa umbo la ngazi.

Kibonzo chake ninachokipenda zaidi ni cha mifuko ya kijani. Ushahidi dhidi ya Caroline uliletwa bungeni ndani ya mifuko ya rangi hiyo, basi Cruikshank akawachora mume na mke wote wawili kama mifuko: miwili, minene, imesimama bega kwa bega, vichwa vimechomoza juu. Tazama walivyofanana! Asiyejua kusoma angeweza kusimama dirishani mwa duka, pale picha zilipobandikwa, akaelewa papo hapo. Novemba mwaka huo muswada wa bunge dhidi ya Caroline, ambao ungevunja ndoa yake na mfalme, uliondolewa.