Kushusha pikapu ya Datsun 620 au Hilux ya zamani: anza kwa kuangalia ekseli

Kabla ya kununua chochote, ingia chini ya gari utazame nyuma. Ekseli imekaa juu ya malame ya springi (vyuma bapa vilivyopangwa pamoja) au chini yake? Kwenye Datsun 620 na Hilux za zamani zisizo 4x4, ekseli iko juu, kwa hiyo kipande cha chuma kikiwekwa katikati, gari hushuka. Kwenye Hilux 4x4 za zamani malame ndiyo yaliyo juu, na kipande hichohicho kitaipandisha.

Kipande cha sentimita 5 kinatosha. Lami ya katikati ya Lubumbashi ukiiacha, mashimo ya msimu wa mvua hayajali urembo.

Tegemeza chasi kwa stendi na uishike ekseli kwa jeki ya pili. Fungua shokapu (amotisa) kwa chini, kisha bolti za U zinazofunga ekseli kwenye malame. Kipande kiwe na tundu upande mmoja na pini upande wa pili: kichwa cha bolti inayobana malame katikati kinaingia kwenye tundu, pini inaingia kwenye kikalio cha ekseli. Bila hivyo, ekseli itahama siku utakapopiga breki kali. Mbao hapana, na vipande viwili kupangwa hapana. Bolti za U ziwe mpya, ndefu kuliko za zamani kwa sentimita zilezile 5. Zikaze kwa mkingamo, kidogo kidogo, na ukifika Likasi, kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, uzikaze tena.

Wako wanaochoma malame kwa moto ili yalegee. Chuma hicho kimepoteza ugumu wake. Kitashuka leo, na kitaendelea kushuka.

Gari likianza kutetemeka baada ya kazi, pembe ya propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) imebadilika. Kabari nyembamba ya chuma kwenye malame huirekebisha.

Mbele, kwenye Datsun 620 na Hilux nyingi za zamani zisizo 4x4, hakuna springi ya kukata: kuna fimbo ya chuma inayojipinda, yenye bolti ya kurekebisha. Pima kwanza kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote mbili. Inua magurudumu, legeza bolti kwa mizunguko sawa kulia na kushoto, teremsha, endesha mita chache gari likae, upime tena. Watu hulalamika kwamba fimbo imekuwa ngumu. Siyo fimbo: mkono wa chini unaoshika gurudumu umekaribia raba ya kikomo na unaigonga kila shimo. Punguza raba, usiiondoe, na utafute shokapu fupi. Kisha fanya paralelisme (kunyoosha magurudumu), la sivyo tairi zitalika upande wa ndani.

Hilux nyingine zina valvu ya breki iliyofungwa kwa kijiti kwenye ekseli. Ukishusha gari, valvu inadhani umebeba mzigo, inapeleka nguvu nyingi nyuma, na tairi za nyuma zinakwama kwenye mvua. Rekebisha kijiti hicho kabla hujatoka gereji.