Mwaka wa kwanza saikolojia: msiiamini sana ile "limeingia"

Wadogo zangu mnaoanza, karibuni. Wiki hii mtaelekezwa mengi: kopi rahisi zinatolewa wapi, mwalimu gani hataki wachelewaji, madesa ya nani ya kuaminika. Hayo mtayajua hata bila mimi. Mimi nina moja tu, na limetoka ndani ya somo lenyewe: kuhisi kwamba jambo limeingia kichwani si ushahidi kwamba limeingia.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu cha sayansi. Kundi moja lilikisoma vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilikisoma kipindi kimoja, na vile vitatu vilivyobaki likafunika karatasi na kuandika chochote lilichokumbuka, bila hata kusahihishiwa. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, 83% kwa 71%. Baada ya wiki moja kibao kikageuka: wao 40%, wenzao 61%. Na jambo ninalolipenda zaidi katika utafiti huo ni hili: walipoulizwa mapema watakumbuka kiasi gani wiki ijayo, waliojiamini kuliko wote walikuwa hao hao waliorudia kusoma.

Ndiyo maana mtu anapiga msuli mpaka saa nane usiku, kweli kabisa, halafu kwenye chumba cha mtihani anakumbuka ukurasa ulivyokaa (mchoro kushoto, mistari ya kalamu ya njano kulia) ila maneno yenyewe hayaji. Macho yameuzoea ukurasa, akadhani ameujua.

Nilipokuwa nasaidia kuendesha semina za mwaka wa kwanza, nilipenda kukatiza katikati: fungeni madaftari, chukueni karatasi tupu, andikeni tulichozungumza mpaka sasa. Kimya. Mmoja anachungulia kwa jirani. Mwingine anaandika kichwa cha habari, anakipigia mstari kwa rula, vizuri kabisa, kisha anabaki anazungusha kalamu. Wengi waliona ninawaonea. Lakini wakivumilia kidogo, neno moja linakuja, hilo linavuta lingine, na nusu ya karatasi inajaa. Huko kuhangaika ndiko kujifunza kwenyewe, kwa hiyo msikimbilie kufunua daftari dakika ya kwanza. Mkishakwama kabisa, funueni, mjisahihishe kwa kalamu nyekundu. Palipojaa wekundu ndipo pa kurudia kesho.

Nimesema kesho, si usiku huo huo. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha matokeo yake mwaka 1885, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni muda gani anaookoa akijifunza orodha ile ile upya. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya faida ilikuwa imeshapotea. Baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Baada ya mwezi, kama sehemu moja ya tano. Angalieni mwendo wake: upotevu ni mkubwa mwanzoni, baadaye unapungua kasi. Mtu mmoja na silabi tupu, ni kweli, mnaweza kuhoji. Ila Jaap Murre na Joeri Dros wa Amsterdam walirudia jaribio hilo na kuchapisha mwaka 2015, nao wakapata mwendo unaofanana sana na ule. Robo saa ya leo, robo saa ya kesho na nyingine wiki ijayo zinazidi saa nzima ya kukesha.

Mitihani ya miaka iliyopita mnaijua. Ijibuni kwanza, majibu baadaye. Kuisoma na majibu yake pembeni ni burudani tu.

Sasa, hili la kuhisi una uhakika haliishii darasani. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakauliza yalikuwa kwenye kasi gani. Walioulizwa "yalipogusana" walikadiria wastani wa karibu maili 32 kwa saa. Walioulizwa "yalipobamizana", karibu 41. Kitenzi tu. Katika jaribio la pili, lililokuwa na wanafunzi wengine, waliwarudia baada ya wiki moja, wakawauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo. Lakini wa "yalipobamizana", 16 kati ya 50 walisema waliviona. Wa "yalipogongana", 7 kati ya 50. Hao hawakuwa waongo. Ndugu wawili wanaobishana nani alikuwepo siku ya msiba wa babu, kila mmoja akiapa, huenda wote wanasema wanachokikumbuka kwa dhati.

Kwa hiyo mtakapokwenda mafunzo kwa vitendo, iwe ustawi wa jamii, hospitalini au dawati la jinsia, chungeni midomo yenu. Mama amekuja, amesema "alinishika". Mkimuuliza "alipokupiga, mlikuwa wapi?" mmeshaingiza kipigo ambacho hajakitaja, na akirudi wiki ijayo hamtajua kipi ni chake na kipi ni chenu. Muulizeni: "Mama, hebu tueleze ilikuwaje." Mwacheni amalize. Akinyamaza, nanyi nyamazeni. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, kama ni ya kilugha basi ya kilugha, na maelezo yenu wekeni kando. Na yaandikwe kabla hamjapanda daladala la kurudi hosteli, maana mkisubiri jioni mtaandika kwa kujiamini mambo ambayo hayakusemwa.