Isimila na Kalenga kwa Siku Moja: Majibu kwa Wanaopanga Safari za Vikundi

Barua tulizopokea safari hii zinahusu ziara za siku moja katika Mkoa wa Iringa, na tumechagua nne ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wengine wanaofikiria kusafiri kwa vikundi.

SWALI: Mhariri, kamwene. Sisi ni kina mama 28 wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Mafinga. Baada ya kugawana akiba zetu tumekubaliana kutenga sehemu ya fedha kwa ajili ya ziara ya siku moja ndani ya mkoa wetu, kwa kuwa wengi wetu tumepita Isimila ndani ya basi tangu utotoni bila kushuka hata mara moja. Kikao kimeorodhesha Isimila, Kalenga, jiwe la Gangilonga, makumbusho ya Boma na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwenye Kosta ametuambia kwamba yote yanawezekana tukiondoka saa 10 alfajiri. Je, ni kweli?
Katibu wa kikundi, Mafinga

JIBU: Kamwene, Mama Katibu, na hongereni kwa uamuzi huo. Ninawaomba muiondoe Ruaha katika orodha. Hifadhi iko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini Iringa, na wanyama huonekana vizuri zaidi asubuhi mapema na jioni jua linapopoa, yaani saa zile zile ambazo ninyi mtakuwa barabarani. Mtalipa kiingilio cha hifadhi ili mwone pori la saa saba mchana, wakati wanyama wengi wamejificha kivulini, kisha mgeuze gari. Ruaha inastahili safari yake yenyewe, na walau usiku mmoja wa kulala huko. Mwenye gari amehesabu kilomita. Hakuhesabu muda wa watu 28 kushuka, kulipa, kujisaidia, kusikiliza maelezo na kuuliza maswali, na huo ndio muda mnaoulipia.

Vituo vikuu viwili vinatosha kwa siku moja: Isimila asubuhi na Kalenga alasiri. Mahali mnapotokea panawasaidia, kwa sababu Isimila iko kilomita 20 hivi kabla ya kufika mjini Iringa, pembeni mwa barabara kuu hiyo hiyo mtakayopita, ilhali Kalenga, penye makumbusho ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, iko kilomita 15 hivi upande wa pili wa mji, kwenye barabara iendayo Ruaha. Mkiondoka Mafinga saa 12 na nusu asubuhi mtafika Isimila mapema, kabla jua halijawa kali ndani ya korongo.

Isimila itengeeni saa mbili na nusu. Watu wengi hukimbilia bondeni kupiga picha kwenye nguzo za udongo, kisha wakarudi garini wakidhani wamekwisha kuiona Isimila, kumbe nguzo ni nusu tu ya habari. Hapo palikuwa na maji ya kina kifupi zamani sana, na binadamu wa kale walifika kandokando yake wakiwa na zana za mawe: mashoka ya mkono yaliyochongwa pande mbili, mapatasi na vikwaruzo. Wataalamu wanakadiria kwamba baadhi ya zana hizo zina umri wa takriban miaka 260,000. Pamoja nazo ilipatikana mifupa ya wanyama, ukiwamo wa kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya fuvu kuliko ya kiboko tunayemjua leo. Mchanga na tope vilizifunika zana hizo tabaka juu ya tabaka, hadi mvua za miaka mingi zilipolikata korongo na kuzifichua tena. Mnamo mwaka 1951 mwanafunzi mmoja aliyekuwa safarini aliziokota na kuwapelekea waliozitambua, na uchimbaji mkubwa wa kitaalamu ukafanyika mnamo 1957 na 1958.

Maji yale yale yaliyofichua zana ndiyo yaliyochonga nguzo. Mahali ambapo tabaka gumu lilibaki juu kama kofia, udongo laini ulio chini yake ulikingwa usimomonyoke, huku ulio pembeni ukichukuliwa na mvua. Kazi hiyo haijaisha. Kila msimu wa mvua nguzo hupungua kidogo, na kila mgeni anayeegemea au kukwaruza jina lake huongeza kasi hiyo. Waelezeni wenzenu jambo hili ndani ya gari, kabla ya kushuka, kwa sababu mtu akishafika chini ya nguzo ndefu kuliko nyumba ya ghorofa hushikwa na furaha akasahau. Vilevile, mtaona mawe ya kale yamelala chini karibu na njia. Msiyachukue. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda, na hata kama isingekuwapo, jiwe lililoondolewa katika tabaka lake haliwezi tena kumwambia mtafiti lilitumiwa lini wala pamoja na nini.

Njia ya kushukia korongoni ni nyembamba. Gawanyikeni makundi mawili ya watu 14, kila kundi na mwongoza watalii wake. Kundi moja lianze na chumba cha maonyesho huku jingine likishuka, kisha mbadilishane. Mkienda wote 28 kwa pamoja, walio nyuma hawatasikia neno.

Chakula cha mchana kuleni mjini, na agizeni siku moja kabla, maana mama lishe anayepokea wageni 28 bila taarifa atawakawiza saa nzima hata akiwa hodari. Muda ukiruhusu, pitieni makumbusho ya Boma, ambayo yamo katika jengo la enzi ya utawala wa Wajerumani. Muda ukiwa mfupi, liacheni Boma, wala msikate dakika za Kalenga. Gangilonga iwekeni mwishoni. Jiwe hilo, ambalo jina lake kwa Kihehe lina maana ya jiwe linaloongea, liko kwenye mwinuko unaotazama mji, na kulipanda kunahitaji pumzi. Msikae juu yake hadi giza liingie, kwa sababu bado mna kilomita 80 hivi za kurudi nyumbani.

Kuhusu gari, kama Kosta hiyo kwa kawaida hubeba abiria katika njia nyingine, mwenye gari aombe kibali cha kukodishwa kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nanyi mkione kwa macho kabla ya kulipa. Pigeni simu vituoni wiki moja kabla ili muulize viingilio na namna ya kulipa, na kila mmoja abebe kitambulisho chake, kwa kuwa viwango vya raia ni tofauti na vya wageni. Chagueni siku kati ya Juni na Oktoba, wakati njia za korongoni ni kavu. Mkichagua Juni au Julai, asubuhi ya Iringa itawadai sweta.

SWALI: Mama yangu ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, lakini hataki kubaki nyumbani wakati familia inakwenda Isimila na Kalenga. Tufanyeje?
Msomaji, Makambako

JIBU: Nendeni naye. Kalenga haitamsumbua, kwa kuwa makumbusho yako mahali tambarare. Huko Isimila asishuke korongoni. Nguzo huonekana kutoka ukingoni, na zana za mawe zimo katika chumba cha maonyesho kilicho juu. Mtu mmoja wa familia abaki naye kwa hiari, asiwe mtoto aliyelazimishwa, na bebeni kiti. Wazee wengi wa mkoa huu wana simulizi za Mkwawa walizosikia kwa wazazi wao, na ninyi vijana mtafaidi zaidi mkimsikiliza mama njiani kuelekea Kalenga kuliko mkiwasha muziki.

SWALI: Ninafundisha historia katika shule ya sekondari na ninakusudia kuwapeleka wanafunzi 40 Kalenga. Nina maswali mawili yanayonisumbua. Je, fuvu lililopo pale ni la Mkwawa kweli? Na je, ni halali kuwaruhusu wanafunzi wapige picha nalo?
Mwalimu, Njombe

JIBU: Mwalimu, swali lako la kwanza ningependa wanafunzi wako walisikie kabla hawajafika, kwa sababu hapo ndipo somo la historia linapoanza.

Tarehe ambazo hazina utata ni hizi. Wahehe waliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wa Wajerumani, Emil von Zelewski, akauawa. Wajerumani walirudi na mizinga na kuiteka ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa hakujisalimisha. Aliendelea kupigana porini kwa karibu miaka minne, huku kukiwa na zawadi ya fedha kwa atakayeleta kichwa chake, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa na baadaye kikapelekwa Ujerumani. Mwili ulizikwa Mlambalasi, kilomita 50 hivi kutoka Iringa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo katika muda wa miezi sita. Halikurudishwa. Mnamo 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda katika makumbusho ya Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu mengi yaliyochukuliwa makoloni, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa, na kwa kuwa lilikuwa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baada ya uhuru alikuja kuwa Spika wa Bunge.

Kwa hiyo ushahidi wa kulitambua ulikuwa vipimo na tundu, na kwa maoni yangu vitu hivyo viwili peke yake havitoshi kumaliza shaka. Waambie wanafunzi hivyo bila kuogopa. Lakini waambie pia kwamba familia na Wahehe walilipokea fuvu lile kwa heshima kama la mtu wao, na kwamba hata kama mwanafunzi ana shaka kuhusu jina la mwenye fuvu, hawezi kuwa na shaka kwamba ni fuvu la binadamu lililochukuliwa na kuwekwa ng'ambo pamoja na mengine mengi. Waulize kwa nini mafuvu hayo yalikusanywa, na nani aliyeamua kwamba kichwa cha adui ni kitu cha kuhifadhi makumbusho. Maswali hayo yatawakaa zaidi ya tarehe nilizozitaja.

Kuhusu picha, mwombe ruhusa mhifadhi wa kituo na ufuate atakavyosema. Hata akiruhusu, mimi ningewazuia wanafunzi kupiga picha wakiwa wamesimama kando ya fuvu wakitabasamu. Waingie kama watu wanavyoingia msibani: kofia mkononi, simu mfukoni, sauti chini, kumi kwa wakati mmoja. Wanaosubiri wazungukie makaburi ya ukoo yaliyo jirani, na waoneshwe kilima cha Tosamaganga, ambako Wajerumani waliweka mizinga yao. Mtoto akisimama Kalenga na kukiangalia kilima kile kwa macho yake ataelewa kwa nini ukuta wa mawe wa ngome haukutosha. Kama una nafasi ya siku nyingine, wapeleke Mlambalasi, ili waone jinsi kichwa na mwili vilivyolala mbali hivyo.

SWALI: Mwaka jana nilijiunga na safari ya kikundi kutoka Dar es Salaam. Mwongoza watalii alitusomea tarehe chache, akatuhimiza tupande gari, kisha tukakaa saa nzima katika duka la vinyago ambalo halikuwa kwenye ratiba. Maelezo aliyatoa kwa Kiingereza kwa sababu tulikuwa na wageni watatu, ilhali wazee wetu hawakuelewa. Nitajuaje mapema kama ninapewa mwongoza watalii mzuri?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana, na una haki ya kuumia, kwa kuwa ulilipia maelezo ukapewa usafiri. Omba ratiba ya maandishi yenye saa za kufika na kuondoka kila kituo, na usikubali kusimama mahali pasipoandikwa humo. Uliza kama kampuni ina leseni halali ya biashara ya utalii na kama mwongoza watalii mwenyewe ana leseni yake. Mwenye nazo hakasiriki akiulizwa. Uliza lugha. Katika kundi ambalo wengi wao ni Waswahili, Kiswahili ndicho kitangulie, na wageni watatu watafsiriwe pembeni. Mpangaji anayeona hilo ni gumu hajafikiria abiria wake ni nani. Ulizia pia kama mtaongozwa na mtu wa kituo chenyewe, kwa sababu mwenyeji wa Isimila au Kalenga anajua mengi ambayo mtu aliyekuja na gari hawezi kuyajua, na malipo yake yawe yamo ndani ya bei.

Kisha, kabla ya kutoa fedha, mpigie simu mwongoza watalii umuulize swali moja tu: kwa nini zana za mawe zilipatikana Isimila? Akikuanzishia habari ya maji ya zamani, wanyama waliokuja kunywa, tope lililofunika na mvua zilizofichua, lipa nauli yako. Akikujibu kwamba utaona mwenyewe ukifika, tafuta mwingine.