Meli ya kufagia mabomu inageuzwaje kuwa ya doria?

Swali: Nasikia Ufilipino ilitumia meli za doria zilizoundwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya kufagia mabomu ya baharini. Zilibadilishwa nini, na zilidumuje miaka yote hiyo? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Ndugu msomaji, bila shaka unazisema BRP Rizal na BRP Quezon, zote za aina ya Auk kutoka Marekani. Quezon ilianza kazi mwaka 1944 kwa jina la USS Vigilance, ikapewa Ufilipino 1967, ikastaafu 2021. Rizal ilitangulia kustaafu 2020.

Mabadiliko yenyewe si makubwa. Meli ya kufagia mabomu huburuta nyaya ndefu, kwa hiyo upande wa tezi (nyuma ya meli) hujaa winchi, magurudumu ya waya na maboya. Ving'oe hivyo, umepata sitaha tupu. Mizinga ilikuwamo tangu mwanzo.

Kazi ngumu ni uthabiti. Ukitoa vitu vizito vya chini na kupachika vingine juu, meli inaanza kuyumba vibaya. Kwa hiyo sisi mafundi wa meli huwa tunaifunga kwa kamba zilizolegezwa kwenye maji yaliyotulia, tunahamisha vyuma vya uzito unaojulikana kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, kisha tunasoma timazi (uzi wenye uzito mwishoni) iliyoning'inizwa ndani imesogea milimita ngapi. Hesabu ya hapo ndiyo inayoamua kama itatoka bandarini. Mchoro wa kiwandani wa 1944 usiuamini. Meli imepakwa rangi na kuongezewa vyuma mara nyingi mno tangu hapo.

Kuhusu kudumu, sifa nyingi naipa mitambo. Kwenye Auk, dizeli haishikani na shafti. Inazungusha jenereta, umeme unaenda kwenye mota, mota ndiyo inayozungusha rafadha (propela). Mfumo huo unafaa kuburuta mzigo kwa mwendo mdogo, na doria nayo ni saa nyingi za mwendo wa pole. Ila kasi yake ya juu ilikuwa noti 18 hivi (kama kilomita 33 kwa saa), tena ilipokuwa mpya. Boti ya magendo yenye mashine kali itakuacha ukiitazama.

Utauliza, si wangebadilisha injini tu? Hapo dizeli, jenereta na mota vinakwenda kwa pamoja, na kuvitoa ni kukata sitaha. Kabla ya gharama hiyo, ipandishe meli chelezoni upime unene wa mabati ya mwili wake. Anzia chini ya mitambo, pale maji ya chumvi yaliyochanganyika na mafuta yanapotuama, maana bati la hapo huliwa upesi na fundi halifikii kirahisi. Likiwa limekwisha, injini mpya ni hasara. Mimi ningeshauri fedha hizo ziingie kwenye meli mpya.