Mjamzito anayetumia unga (heroini): msimfungie ndani

Dada, kumfungia ndani mdogo wako mwenye mimba ya miezi 5 ili aache unga ghafla ni hatari: arosto kali, yaani mateso ya mwili kuikosa dawa, inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu mapema. Mpelekeni kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga ili kuzuia arosto. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, inayo kliniki hiyo tangu 2011. Mimba ikikua dozi huenda ikapandishwa, wala si kwamba amerudia unga.

Akijifungua, msikimbilie kutoka hospitali. Arosto ya kichanga huja mara nyingi saa 24 hadi 72 baadaye: kilio chembamba, kutetemeka, kuharisha, kunyonya vibaya. Mlazeni mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, taa hafifu, anyonye kidogo kidogo. Akipata degedege, daktari papo hapo. Na hilo jina la “teja” nyumbani liacheni, litamfanya aikimbie kliniki.