Kwa mnaoanza kufuga kuku uani: beleshi kabla ya dawa

Masika yakishika tu, ujumbe unaanza kumiminika, na karibu wote ni ule ule: "Shikamoo mwalimu, vifaranga wangu wa wiki nne wamejikunyata, mabawa yamelegea, kinyesi kina damu. Niwape dawa gani?"

Marahaba, na poleni. Dawa tutaifikia. Kwanza ingia bandani, chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa kichwa cha kuku, uvute pumzi mara tatu. Macho yakiwasha, tatizo unalo chini ya miguu, na duka la dawa halitalimaliza. Nawapenda wadogo zangu, ila mnachosha. Mnajua ratiba ya chanjo kwa moyo, mdondo, gumboro na ndui, halafu mnashindwa na ndoo ya maji.

1. Fanyeni hesabu ya maji kabla ya kununua matandiko, yaani maranda na mfano wake mnayotandaza sakafuni. Kuku mkubwa mmoja hutoa kinyesi kibichi cha gramu 100 hadi 150 kwa siku, na karibu robo tatu yake ni maji. Kuku 25 basi wanamwaga sakafuni lita mbili na ushei kila siku, hata kama chombo cha maji hakijavuja tone. Hiyo ndiyo kazi ya matandiko: kunywa hayo maji, kisha kuyaachia hewani. Ukitandika sentimita 3 kwa sababu maranda yameisha kwa seremala, unakuwa umepamba sakafu tu. Vifaranga wadogo sentimita 5 zinawatosha. Wakubwa anzeni na 10, mkiongeza kidogo kidogo juu hadi 15 au zaidi. Banda la mita 3 kwa 2 (kuku 25 hadi 30, msizidishe) kwa kina cha sentimita 10 linataka lita 600 za maranda, yaani magunia manne hadi matano yale yanayobeba mahindi kilo 100. Wengi hununua mawili, halafu wanashangaa.

Maranda mazito ya randa ndiyo bora. Pumba ngumu za mpunga zinafaa, ingawa hazinywi maji sana, na maganda ya kahawa yanafaa kwa walio Kilimanjaro au Kagera. Unga wa msumeno msiwawekee vifaranga: wanaula wakidhani ni chakula, na vumbi lake linaingia mapafuni. Kwa seremala ulizeni mbao gani imerandwa. Vumbi la mbao za kubandikwa kwa gundi, au maranda ya nguzo zilizotiwa dawa, wacheni huko huko. Na gunia lililokaa nje likanyeshewa, hata kama limekauka juu, lifungueni mlinuse. Likitoa harufu ya ukungu ni la kutupa, maana ukungu aina ya Aspergillus unaua vifaranga kwa kuziba njia ya hewa na hauna dawa ya maana. Magazeti chini ya vifaranga ni ya siku mbili tatu tu, basi. Yanateleza, na kifaranga anayeteleza miguu inatawanyika asiweze kusimama tena.

2. Sasa kosa lenyewe, linalorudiwa na kila anayeanza. Linakwenda kwa hatua, na kila hatua inaonekana ya busara.

Chombo cha maji kinawekwa juu ya matandiko. Kuku wanachakura, kinaegama, maji yanamwagika, linatokea duara bichi la upana wa sinia. Mfugaji mpya analiona (sisemi hawaoni) na anafanya kile ambacho mtu msafi angefanya: anamwaga maranda makavu juu yake. Banda linapendeza. Kesho yake anamwaga tena. Baada ya wiki lile duara limeshika ukoko. Ukilikanyaga linadidimia kidogo kama ugali uliopoa. Chini ya ukoko hewa haipiti, unyevu hautoki, na bakteria wanavunja asidi ya mkojo iliyomo kwenye kinyesi na kuigeuza amonia, ile gesi inayowasha macho.

Mvua inaanza. Kwa huruma anashusha turubai pande zote "wasipigwe na baridi." Sasa unyevu wa kinyesi, wa pumzi za kuku na wa duara lile umefungiwa ndani pamoja nao. Amonia inapanda. Pua ya binadamu huanza kuinusa ikiwa karibu sehemu 20 hadi 25 katika milioni, kiwango ambacho tayari hakifai kuzidishwa bandani. Na mtu anayeingia kila siku pua yake inazoea, kwa hiyo wa mwisho kujua ni mwenye banda. Mwite jirani asiyefuga, umwangalie uso anapoingia.

Amonia inaunguza vinyweleo vidogo vya koo ambavyo kazi yake ni kusukuma vumbi na vijidudu nje. Kuku wanaanza kukoroma na kupiga chafya. Mfugaji anakimbilia antibayotiki. Mafua yanatulia siku tatu na kurudi, kwa sababu kinachowaunguza koo hakijatolewa.

Wakati huo huo, kwenye lile duara, kuna kazi nyingine inaendelea. Vimelea vya kuhara damu, yaani koksidiosisi, hutoka na kinyesi vikiwa bado havina uwezo wa kuambukiza. Vinahitaji joto, hewa na unyevu ili vikomae, na vikivipata, siku moja hadi mbili vinatosha. Kwenye matandiko makavu vingi vinashindwa. Kwenye duara bichi pembeni ya maji, mahali ambapo kila kifaranga anapita mara mia kwa siku, vinakomaa kwa mamilioni. Kifaranga anavimeza, na ndani ya siku nne hadi saba utumbo unachubuka na damu inaonekana. Hapo ndipo ujumbe wa "niwape dawa gani" unapotumwa.

Jibu la dukani ni amproliamu kwenye maji ya kunywa, na ni jibu sahihi likifuata kipimo cha kwenye pakiti. Lakini mkono mwingine unachanganya vitamini kwenye maji hayo hayo "wapate nguvu." Amproliamu inamlaghai kijidudu kwa kujifanya vitamini B1. Ukimwaga B1 halisi juu yake umeivunja nguvu kwa hela yako mwenyewe. Vitamini ngojeeni dozi iishe.

Kuku wanapona, wamesimama pale pale, juu ya ukoko ule ule. Wiki mbili baadaye tumerudi mwanzo, na safari hii mtu amesikia kwamba chokaa inasaidia. Anainyunyiza juu ya matandiko mabichi, kuku wakiwa ndani. Chokaa inaondoa uchachu (inapandisha pH), na amonia iliyokuwa imetulia kwenye unyevu inafumuka yote kwa pamoja. Chokaa ni ya sakafu tupu, kuku wametoka, banda limefagiwa.

Hela yote hiyo imekwenda, na beleshi halijaguswa.

Tiba yenyewe ni fupi. Chimbeni duara bichi mpaka sakafuni, mzidishe shubiri moja kuzunguka, mtoe nje kwa ndoo, muache sakafu ikauke, mjaze makavu. Msifukue banda zima: matandiko ya zamani yaliyo makavu yana vimelea wachache, na vifaranga wanaokutana na wachache wanajenga kinga. Kisha undeni fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 60, kimo sentimita 10, mpigie waya meshi juu, chini yake muweke karai pana au mchanga, na chombo cha maji kikae juu ya waya huo. Mdomo wa chombo uwe usawa wa mgongo wa kuku, mkiupandisha kadiri wanavyokua. Geuzeni matandiko kwa uma au reki mara mbili kwa wiki, masika mara tatu.

Kipimo: chota konzi ya matandiko, uminye kwa nguvu, ufungue kiganja. Yakishikana kidogo kisha yakasambaratika, yako sawa. Yakibaki tonge, ni mabichi. Yasiposhikana kabisa na vumbi likapaa, yamekauka mno.

3. Turubai lifungwe chini, lifunguliwe kutokea juu. Hewa chafu ya joto inatoka juu, na upepo haumpigi kuku aliyelala. Mapaa yatoke nje angalau nusu mita, mita moja kama uko pwani na mvua inakuja kwa ubavu.

4. Karibu nusu ya kinyesi cha siku hudondoka usiku, chini ya fito za kulalia. Wekeni bati au ubao chini yake mkwangue asubuhi, matandiko yatadumu maradufu. Kila kuku sentimita 20 za fito. Na pitisheni karatasi nyeupe chini ya fito usiku. Ikiwa na vidoa vyekundu, huo ni utitiri, umejificha kwenye nyufa.

5. Uzio. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana waya wa kuku wa matundu ya pembe sita, ule mwembamba, umetengenezwa kumzuia kuku asitoke. Haukutengenezwa kumzuia mtu mwingine asiingie. Mbwa anauchana. Nguchiro anapenya tundu la inchi mbili bila kupunguza mwendo, na anakuja mchana, mkiwa kazini. Kicheche, fungo na kanu wanakuja usiku. Panya anaingia kote mnakodhani hapaingiliki, anakula chakula na kubeba vifaranga.

Kwa hiyo sehemu ya chini iwe waya meshi wa kuchomelea, matundu ya nusu inchi. Nunueni wa upana wa futi 3. Kunjeni sentimita 35 zilale chini kuelekea nje, zilizobaki 55 zipande na nguzo. Hizo zinazolala funikeni kwa mawe au udongo. Mnyama anayechimba huanza pale ukuta unapogusa ardhi, anakutana na waya, anahangaika hapo hapo. Hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili aanze upya. Juu ya hizo sentimita 55 ndipo mwendelee na waya wa kawaida, matundu ya inchi moja. Uga wa mita 6 kwa 5 unazungukwa na mita 22, ongezeni mita moja ya kupishanisha kwenye maungio, na maungio yashonwe kwa waya wa kufungia kila shubiri.

Nguzo kila mita 2, zizame futi 2. Ukitaka uzio wa futi 6 nunua nguzo za futi 8; kila mwaka kuna mtu anazika futi moja na uzio unalala na upepo wa kwanza. Mirunda mitupu mchwa wanaimaliza, na oili chafu mnayoipaka ina uchafu wa metali ambao kuku wataudonoa. Kama mfuko unaruhusu, bomba la chuma kwenye zege. Waya upigwe upande wa nje wa nguzo, ili anayesukuma kutoka nje aubane kwenye nguzo badala ya kuung'oa misumari.

Mlango ndio watu husahau. Waya mzuri, nguzo nzuri, halafu chini ya mlango pana nafasi ya kupitisha ngumi. Zikeni ubao au mstari wa tofali kama kizingiti, na komeo ziwe mbili, juu na chini, la sivyo kona ya chini inavutika.

Kuku wa kienyeji anayeruka uzio mkateni manyoya marefu ya bawa moja. Moja tu, mkikata mawili anabaki na mizani yake na anaruka vilevile.

6. Vifaranga wawe chini ya wavu wa juu mpaka wafike wiki nane hivi. Mwewe anajulikana. Wa pwani wana kunguru pia, huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu aliyeletwa Zanzibar kutoka India karne ya 19 na tangu hapo hajamheshimu mtu. Wavu wa samaki uliochakaa unatosha, mradi uvutwe ukaze. Ukilegea, kuku wananasa miguu.

7. Tope mlangoni mwa banda linaingia ndani na miguu ya kuku na kuharibu yote niliyosema namba 2. Mwageni kokoto au vipande vya mbao mita mbili za kwanza, na sakafu ya banda iwe juu ya ardhi kwa futi moja.

8. Matandiko yakitunzwa hivi hukaa miezi sita hadi mwaka. Yakitoka, rundikeni kivulini, yalowe kiasi, yageuzwe kila wiki mbili, miezi mitatu. Jirani akiomba gunia la mbolea kabla ya hapo mwambieni asubiri. Ikiwa mbichi itamuunguzia mchicha, naye atakuja kulalamika getini kwenu.