Makumbusho ya Mkwawa, Kalenga: namna ya kwenda na nini cha kutazama

Mkuu, umeuliza kama Kalenga inamfaa mtu atakayekuwa Iringa siku moja tu, hana gari, na kama kuna cha kuona zaidi ya fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Inafaa sana. Ila ukiingia bila kujua chochote utatoka baada ya dakika kumi, kwa sababu makumbusho yenyewe ni madogo: fuvu kwenye kabati la kioo, mikuki, ngao, bunduki, picha na maelezo mafupi ukutani. Uzito wake uko kwenye historia inayovibeba vitu hivyo.

Anzia mjini, Iringa Boma. Ni jengo la enzi za Mjerumani lililofanywa makumbusho, na linakupa picha ya mkoa mzima kabla hujazama kwenye habari za Mtwa Mkwawa peke yake. Ukitoka hapo ulizia daladala za Kalenga. Ni kama kilomita 15 kwa barabara inayoelekea hifadhi ya Ruaha. Mwambie konda akushushe njia ya makumbusho, umalizie kwa miguu au bodaboda. Nenda asubuhi, maana jioni magari ya kurudi hupungua. Beba noti ndogo za kiingilio na uwe na salio kwenye simu, na stakabadhi uidai.

Tarehe nne uwe nazo kichwani. 17 Agosti 1891, Wahehe waliivizia Lugalo safu ya Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. 30 Oktoba 1894, ngome ya Kalenga ilianguka baada ya kupigwa mizinga. Mkwawa hakukamatwa, alipigana vita vya msituni karibu miaka minne huku kichwa chake kikiwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000. 19 Julai 1898 alijipiga risasi Mlambalasi ili asikamatwe, kichwa kikakatwa. 9 Julai 1954 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alimkabidhi mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, fuvu lililotoka makumbusho ya Bremen, Ujerumani.

Hapo kwenye fuvu ndipo pa kukaa na kuuliza. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Ikachukua zaidi ya miaka thelathini. Na Bremen kulikuwa na mafuvu mengi, hivyo walichambua kwa kipimo cha kichwa: upana wa fuvu unagawanywa kwa urefu wake, kisha unazidishwa kwa 100. Namba ililinganishwa na ya ndugu za Mkwawa, na fuvu lililochaguliwa lilikuwa na tundu la risasi. Kipimo hicho watu wengi wasio na undugu wanaweza kulingana, ndiyo maana wapo wanahistoria wenye shaka hadi leo. Muulize mwongozaji, lakini kwa adabu. Kwa familia na kwa Wahehe hayo ni mabaki ya mzee wao, si kitu cha maonyesho. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, vua kofia, wala usipige selfi na kabati. Salamu ya Kihehe, "kamwene", ukifika inasaidia kuliko maswali kumi.

Usiondoke bila kuonyeshwa makaburi ya ukoo wa Mkwawa na mahali ilipokuwa ngome. Wengi huja wakitegemea kuona kuta ndefu wakasikitika. Kilichobaki ni kidogo mno, na bila mwenyeji utapita juu yake bila kujua.

Kosa kubwa la wageni ni kutaka kuunganisha kila kitu siku moja kwa daladala. Tazama ramani: Lugalo iko barabara ya Morogoro, Isimila ya zana za mawe iko barabara ya Mbeya, Kalenga barabara ya Ruaha. Kila mara utalazimika kurudi mjini ubadilishe gari. Kwa siku moja, Boma na Kalenga zinatosha kabisa. Mlambalasi, lilipo kaburi la kiwiliwili, iko njia hiyohiyo ya Kalenga lakini mbele sana, takribani kilomita 50 kutoka mjini. Huko kodi gari, mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjaondoka, na umwombe mhifadhi wa Kalenga akuelekeze kwanza.